Nyamizi na Miwani ya Wageni

Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, sogea mbele usikie.

Hadithi hii ina povu. Ina ndimu. Na ina mtoto mbishi, mbishi kweli kweli.

Watu wengi hawapendi watoto wabishi. Mimi huyu nampenda, na mkinyamaza nitawaambia kwa nini.

Jina lake ni Nyamizi. Yuko darasa la pili, na ana pengo la meno mbele.

Shule ya Nyamizi ina bati la buluu. Mvua ikinyesha, tatatatata! Hapo hata mwalimu akipiga kelele, hasikiki.

Darasani kwao, karibu na dirisha, kuna meza. Juu ya meza kuna mlima.

Ni mlima wa udongo. Watoto waliufinyanga wenyewe, wakaficha chupa ndani yake. Mdomo wa chupa ndio mdomo wa mlima.

Ndani ya chupa Mwalimu Tunu huweka magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Huweka pia rangi nyekundu ya keki.

Halafu mtoto mmoja humimina maji ya ndimu. Unajua mlima unasemaje?

Fshiiiiii!

Halafu unasema hivi.

Bwaaaaaa!

Povu jekundu linapanda. Povu jekundu linashuka. Darasa zima linapiga kelele.

Kila siku humimina mtoto mmoja tu. Ni kwa zamu, na zamu haina mjomba wala shangazi.

Nyamizi alisubiri zamu yake. Akasubiri. Akasubiri mpaka akaanza kuota povu usiku.

Siku ile ilikuwa zamu ya Maganga. Kesho yake ingekuwa zamu ya Nyamizi.

Sasa, Maganga ni mtoto wa mbwembwe. Akipewa kikombe, lazima kila mtu amtazame.

"Nitazameni mimi!" alisema. Akainama juu ya mlima. Akamimina ndimu yote kwa mara moja.

Fshiiiiii! Bwaaaaaa!

Tone moja likaruka. Likapanda juu, likageuka, likashuka. Likatua wapi?

Kwenye jicho la Maganga!

"Uwiiiiii!"

Umewahi kuingiwa na ndimu jichoni? Basi wewe sina haja ya kukueleza.

Mwalimu Tunu alimshika Maganga mkono. Mbio, mbio, mbio mpaka bombani.

"Usilifikiche," alisema Mwalimu Tunu. "Lifungue tu. Lifungue. Hivyo hivyo."

Akalimwagia maji safi. Maji, na maji tena, na mengine tena.

Jicho likapoa. Lakini lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Sikulia," alisema Maganga. "Hayo ni maji ya bomba."

Nyamizi alilitazama jicho la Maganga. Akajigusa macho yake mwenyewe, la huku na la huku.

"Mwalimu," alisema, "mbona miwani tunayo?"

Kila mtoto alijua ni miwani ipi.

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu kuna kabati la vioo. Ndani yake kuna miwani ya kinga. Ni mipana, inang'aa, na ina mpira wa kukaza nyuma ya kichwa.

Zimo pia aproni, zimekunjwa vizuri. Zimo na glavu, zimelala mbili mbili.

Hakuna mtoto aliyewahi kuvivaa. Hata mara moja! Kwa nini?

Kwa sababu ni vya wageni.

Nyumbani kwenu si mna vikombe vya wageni? Vile vya maua, ambavyo ukivigusa tu unasikia "Weee!" kutoka jikoni? Basi na miwani ile ni hivyo hivyo.

Wageni wakija, watoto wataivaa. Wageni watapiga makofi. Wageni wakiondoka, miwani itarudi kabatini, na kabati litafungwa.

"Ile ni ya wageni, mwanangu," alisema Mwalimu Tunu. Alisema polepole, na hakuonekana kufurahi. "Ufunguo anao Mwalimu Mkuu."

"Wewe fumba macho," Maganga alimshauri. "Unamimina, unafumba, basi."

"Nikifumba macho," alisema Nyamizi, "povu nitaliona na nini?"

Maganga alifikiri. Alifikiri sana. Akajaribu kufumba jicho moja tu.

Nyamizi akaweka mikono kiunoni. Akasema kwa sauti:

"Macho yangu ni yangu!
Miwani kwanza, mlima baadaye!"

Kesho yake ikafika. Mwalimu Tunu akakamua ndimu. Harufu yake ikajaa darasa zima.

"Nyamizi," aliita. "Zamu yako."

Nyamizi alisimama. Moyo wake ulienda du, du, du.

Alilitaka povu lile. Alilitaka kuliko maandazi. Alilitaka kuliko likizo!

Akakishika kikombe. Akautazama mlima. Halafu akakiweka kikombe mezani.

Tk.

"Simimini," alisema.

"Aaaaah, Nyamizi!" darasa zima lililalamika.

"Unaogopa!" mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Siogopi," alisema Nyamizi. "Nakataa. Kuogopa na kukataa ni vitu viwili."

Mwalimu Tunu aliinama karibu naye. "Ukikataa, zamu itapita," alisema. "Itaenda mwisho wa foleni."

Na foleni ilikuwa ndefu! Darasa lile lina watoto wengi. Mpaka zamu irudi, pengo la Nyamizi litakuwa limeota meno.

Nyamizi alilijua hilo. Lakini alisema:

"Macho yangu ni yangu!
Miwani kwanza, mlima baadaye!"

"Haya," alisema Mwalimu Tunu. "Anayefuata ni Sikudhani."

Sikudhani ni mtoto mpole. Huyo hata akipiga chafya huwezi kumsikia.

Sikudhani alikishika kikombe. Akautazama mlima. Akageuka, akalitazama jicho la Maganga. Bado lilikuwa na wekundu kidogo.

Tk. Akakiweka kikombe mezani.

"Miwani kwanza," alisema Sikudhani, kwa sauti ndogo sana.

"Mlima baadaye!" akamalizia Nyamizi, kwa sauti kubwa sana.

Mwalimu Tunu akamwita anayefuata. Tk! Akamwita mwingine. Tk! Na mwingine. Tk! Na mwingine tena. Tk!

Kikombe kilishikwa na kila mtu. Hakuna aliyemimina.

"Miwani kwanza!" walisema wote. Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Maganga.

Mlima ulikaa kimya. Hakuna fshiii. Hakuna bwaaa.

Mwalimu Tunu alijifunika mdomo kwa mkono wenye chaki. Nadhani alikuwa anacheka, lakini mimi sikusema.

"Basi, Nyamizi," alisema. "Nenda ukamwambie Mwalimu Mkuu mwenyewe."

Nyamizi akaenda. Alipita uwanjani, akapita bombani, akafika mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Una shida gani, mwanangu?"

Mwalimu Mkuu alikuwa anafuta kioo cha kabati. Swi, swi, swi. Kioo kilikuwa safi tangu jana, lakini alikifuta tu.

Msimchukie Mwalimu Mkuu. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa vitu vibaki vipya.

Hata kiti chake bado kina nailoni ya dukani. Akikaa, kinalia kwichi. Akijigeuza, kinalia kwichi kwichi.

"Nimefuata miwani," alisema Nyamizi.

"Miwani ipi?"

"Hiyo hapo."

Mwalimu Mkuu akaketi. Kwichi! "Hiyo ni ya wageni," alisema. "Wageni wanakuja kesho. Kesho mtavaa."

"Na leo?"

"Leo hapana. Mkiivaa leo itachafuka. Itakwaruzika. Sasa wageni wataona nini?"

Nyamizi alifikiri. Kisha akauliza, "Mwalimu Mkuu, tone la ndimu linajua kwamba leo hakuna wageni?"

Kwichi kwichi.

"Wageni wana macho mangapi?" aliuliza tena Nyamizi.

"Mawili."

"Na mimi?"

Kwichi kwichi kwichi.

"Rudi darasani, Nyamizi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Sawa, Mwalimu Mkuu. Nimesikia," alisema Nyamizi. Mikono ilikuwa nyuma, mgongo umenyooka, adabu tele. "Ila mlima hautatoa povu."

Akaondoka. Huko ofisini, Mwalimu Mkuu alibaki anajikuna kichwa.

Jioni ile Nyamizi alikula ugali na mlenda bila kusema neno. Hilo si jambo la kawaida. Mama akamwangalia.

"Leo si ndiyo ilikuwa zamu yako?" mama aliuliza.

"Nimekataa."

"Umekataa? Wewe uliyeniamsha alfajiri kwa sababu ya povu?"

Mdomo wa Nyamizi ulianza kutetemeka. Pengo likaonekana. Halafu machozi yakaja, makubwa makubwa.

"Nililitaka, mama," alisema. "Nililitaka sana!"

"Sasa ukakataa kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kuona," alisema Nyamizi. "Na kesho nataka kuona tena. Na kesho kutwa. Na siku zote!"

Mama alimfuta machozi kwa pindo la kanga. Alimfuta jicho la huku, akamfuta jicho la huku. Aliyafuta taratibu sana.

"Na kesho utasemaje?" mama aliuliza.

"Vile vile."

"Basi maliza ugali wako," alisema mama. "Kukataa kunataka nguvu."

Nyamizi akamaliza ugali. Akaomba mwingine.

Asubuhi wageni wakafika. Walikuja na gari jeupe, na shule nzima iliwaimbia.

Mwalimu Mkuu alivaa tai. Viatu vyake viling'aa. Akaingia ofisini, akatoa ufunguo mfukoni.

Kri! Kabati likafunguka.

"Ooooooh!" walisema watoto mlangoni.

Vitu vikatiwa ndani ya boksi, vikapelekwa darasani. Watoto wakapewa aproni. Zilikuwa ndefu mpaka miguuni. Wakapewa glavu. Vidole vya glavu vilining'inia, lepe, lepe.

Halafu wakapewa miwani. Miwani yenyewe! Nyamizi alitaka kuruka kwa furaha.

Lakini ngoja.

Kwenye kila kioo kulikuwa na nailoni. Nailoni ya buluu, ile ya kiwandani.

"Mtu asibandue nailoni!" alisema Mwalimu Mkuu. "Ikibanduliwa, miwani si mipya tena."

Watoto wakavaa. Dunia ikawa buluu. Juu buluu, chini buluu, kila mahali ukungu.

Pu!

"Samahani, Sikudhani."

Pu!

"Samahani, Mwalimu." Lakini hakuwa mwalimu. Lilikuwa dawati.

Maganga alisimama mbele ya ubao. "Shikamoo, mgeni!" alisema kwa heshima zote. Ubao haukuitikia.

"Shikamoo!" akarudia Maganga.

Wageni wakaingia. Mbele alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye kilemba cha kijani. Huyo ndiye alikuwa mgeni wa heshima.

Alitabasamu. Akasogea mezani, akauinamia mlima apate kuona vizuri. Mwalimu Mkuu naye akainama.

"Mlima mzuri!" alisema mama mgeni. "Leo zamu ya nani?"

"Ya mwanafunzi wa darasa la—" Mwalimu Mkuu alianza.

"Ya Nyamizi," alisema Mwalimu Tunu upesi. "Zamu yake haikupita. Hakuna aliyeipokea."

Mnaona? Wale watoto waliokataa kikombe, tk, tk, tk, walikuwa wamemtunzia zamu yake.

Nyamizi akaja. Pu! Akafika mezani. Mwalimu Tunu akamwekea kikombe mkononi.

Nyamizi akautafuta mlima. Kushoto, buluu. Kulia, buluu. Mbele, buluu na kitu kimoja cheusi, labda mlima, labda kichwa cha Mwalimu Mkuu.

"Mimina," alinong'ona Mwalimu Mkuu. "Mimina, mwanangu. Wageni wanangoja."

Du, du, du, moyo wa Nyamizi.

Angeweza kubahatisha tu. Angemimina popote, na wageni wangepiga makofi. Na zamu yake ingeisha hivyo, bila kuona kitu.

Hapana. Hapana kabisa!

Tk.

"Simimini," alisema Nyamizi.

Wageni wakatazamana.

"Ehem," alikohoa Mwalimu Mkuu. "Ehem, ehem! Nyamizi, miwani si umevaa?"

"Nimevaa, Mwalimu Mkuu. Lakini sioni."

"Lakini umevaa!"

"Nimevaa, lakini sioni!"

Nyamizi akavua glavu moja. Akapapasa miwani yake. Akaipata ncha ya nailoni.

"Weeee!" alisema Mwalimu Mkuu.

Chrrrrrrrrrrr!

Nailoni ikabanduka. Na dunia ikarudi! Mlima huu hapa. Mwalimu Tunu yule pale. Maganga yule, bado anauamkia ubao.

"Bandueni!" aliita Nyamizi.

Chrrrr! Chrrrr! Chrrrrrrr! Chrrrr! Nailoni zikaruka darasa zima.

"Kumbe wewe ni ubao," alisema Maganga.

Mwalimu Mkuu aligeuka upande. Hakuweza kutazama. "Jamani," alisema kwa huzuni, "ilikuwa mipya."

Nami nilimwonea huruma. Kidogo tu.

Nyamizi akavaa tena glavu. Akakishika kikombe. Akakiinua. Halafu akasimama.

"Tena?" walisema watoto.

Nyamizi alikuwa anamtazama mama mgeni. Uso wake ulikuwa juu kabisa ya mlima. Macho yake mazuri, wazi, hayana miwani.

"Shikamoo, mama mgeni," alisema Nyamizi.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama. Naomba urudi nyuma."

Mwalimu Mkuu alitaka kuzimia. Mtoto wa darasa la pili kumrudisha nyuma mgeni wa heshima! Umeona wapi?

"Mimi?" aliuliza mama mgeni.

"Wewe, mama, na Mwalimu Mkuu pia. Hamjavaa miwani."

Na watoto wote, wenye aproni ndefu na vidole vinavyoning'inia, wakasema kwa pamoja:

"Macho yenu ni yenu!
Miwani kwanza, mlima baadaye!"

Mama mgeni aliwatazama. Akamtazama Nyamizi. Halafu akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ukutani. Wageni wengine wakamfuata, na Mwalimu Tunu pia.

"Na wewe, Mwalimu Mkuu?" aliuliza mama mgeni kutoka ukutani.

Mwalimu Mkuu aliangalia ndani ya boksi. Ilibaki miwani ya mwisho, mipya kabisa, nailoni juu yake.

Aliishika. Akaigeuza. Darasa zima lilimtazama.

Chrrr, akabandua kidogo.

Akasita.

Chrrrrrrrrrrrr!

Watoto, niwaambie ukweli. Kubandua nailoni ni raha. Mwalimu Mkuu alitabasamu, kisha akajizuia haraka.

Akavaa miwani. Mpira ukamkunja sikio. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Maganga.

"Haya, Nyamizi," alisema Mwalimu Mkuu.

Nyamizi akauinamia mlima. Akamimina. Polepole, polepole.

Fshiiiiiiiiiii!

Bwaaaaaaaaaaa!

Povu likapanda! Povu likajaa! Povu jekundu likamwagika kila upande!

Tone moja likaruka. Likapanda juu, likageuka, likaja moja kwa moja kwenye jicho la Nyamizi.

Tap!

Likagonga kioo. Likateleza chini, ziii, likaisha.

Nyamizi hakufumba. Hakupepesa hata kope. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, makavu.

Aliona yote! Aliona mapovu madogo yakipandana mgongoni. Aliona yakipasuka, pap, pap, pap. Aliona pembeni povu ni la waridi, na katikati ni jekundu.

"Naonaaa!" alipiga kelele. "Naona kila kitu!"

Tone jingine likaruka. Hilo halikumfuata Nyamizi.

Tap!

"Aaa!" Mwalimu Mkuu akashika miwani yake.

Akangoja lichome. Halikuchoma. Ndimu iliteleza juu ya kioo, mbele ya jicho lake, na jicho lilikuwa kavu.

Akaigusa miwani tena.

"Lingeniingia," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu," alisema Nyamizi.

"Jichoni."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Lingeuma sana!" alisema Maganga.

Wageni wakapiga makofi. Pa pa pa pa pa! Mama mgeni alipiga kuliko wote, kutoka kule kule ukutani.

Wageni wakala, wakanywa soda, wakaondoka. Gari jeupe likapotea.

Watoto wakaiosha miwani kwa maji na sabuni. Wakaitundika dirishani ikauke. Mingine ilikuwa imekwaruzika tayari.

Mwalimu Mkuu akaja kuichukua.

Nyamizi akasimama mbele ya dirisha. Aproni yake ililowa. Mikono, kiunoni.

"Jumatatu ni zamu ya Sikudhani," alisema.

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono.

"Sikudhani ana macho," alisema Nyamizi. Moyo wake ulienda du, du, du, lakini hakusogea.

Sikudhani akaja, akasimama pembeni yake. Maganga akaja. Halafu darasa zima.

Mwalimu Mkuu aliitazama miwani. Akaliona lile doa la ndimu kwenye ile ya kwake. Watoto walisahau kulisugua.

Akatia mkono mfukoni. Akatoa ufunguo wa kabati. Akauangalia kidogo, akampa Mwalimu Tunu.

"Kaa nao wewe," alisema. "Nikibaki nao mimi nitalifunga tena. Najijua."

Watoto walishangilia mpaka bati la buluu likatetemeka. Hata mvua haijawahi kulitetemesha vile.

Usiku Nyamizi alipanda kitandani. Mama akakaa pembeni yake.

"Haya," alisema mama. "Nipe habari za povu."

Nyamizi akampa. Akaanza mwanzo, akafika mwisho, akaanza tena. Akaigiza fshiii. Akaigiza bwaaa. Akaigiza Mwalimu Mkuu na sikio lake.

"Tulia sasa, ulale," alisema mama.

"Silali."

"Sawa."

"Silali kabisa."

"Sawa, mwanangu."

"Sila..." alisema Nyamizi.

Mama akamfunika shuka, akazima taa.

Siku ile nzima hakuna mtu aliyemshinda Nyamizi. Alishindwa na usingizi tu.